Shemeji Alininyima Mpira, Nikavunjika Nikimlinda

Nina miaka ishirini na saba. Naishi na mama yangu Tooting, kusini mwa London, kwenye flati ya ghorofa ya pili, na majirani wa chini wameshakuja kulalamika kwamba natembea mno ndani ya nyumba. Wana haki yao. Siwezi kutulia! Nikikaa kwenye kochi mguu unatikisika wenyewe. Nikipanda treni nashuka kabla ya kituo changu, namalizia kwa miguu, nikichechemea. Hata haya nawaandikia nikiwa nimesimama, karatasi ikiwa juu ya friji.

Wengi mkisikia mpira mnafikiria ule wa miguu. Wangu ni wa Kimarekani, wa helmeti na mabega ya plastiki, na mpira wenyewe umechongoka kama papai dogo. Mama alipouona mara ya kwanza aliuliza, "Sasa huu unadunda kwenda wapi?"

Timu hupeleka mpira huo mbele kwa njia mbili. Mrushaji huurusha hewani kwa mwenzake aliye mbali, au humkabidhi mkimbiaji mkononi, naye akaingia nao katikati ya watu. Mimi nilikuwa mkimbiaji.

Niwaelezeje utamu wake? Unaubana mpira kifuani kama mtu aliyembeba mtoto katikati ya vurugu. Mbele yako ni ukuta wa wanaume wanene, wanahema, wanakusubiri... halafu mwanya unafunguka, mdogo tu, kama mlango ulioegeshwa. Unapita! Unapata hatua tatu, nne, kisha wanakuangusha. Hakuna anayeshangilia hatua nne. Lakini zirudie, na uzirudie tena, uone wapinzani wanavyoanza kuweka mikono viunoni. Wanachoka. Wanaanza kukukodolea macho wewe peke yako, na hapo ndipo mrushaji wako anaporusha kwa raha zake na kupigiwa makofi.

Hiyo ndiyo kazi yetu. Na siku hizi haina thamani! Wanasema wakimbiaji wamejaa kila kona, kwamba mmoja akichakaa unaokota mwingine. Wanasema miguu yetu inakwisha kabla hatujatimiza miaka thelathini. Mrushaji anaweza kucheza mpaka aote mvi, na picha yake ndiyo inayobandikwa ukutani. Nilikuwa nayajua hayo yote. Sikujua kwamba mtu wangu wa karibu ndiye aliyeyaamini kuliko wote.

Jina lake Gideoni. Alikuja London akiwa mdogo, yeye na baba yake, wakimbizi kutoka Bukavu. Sisi tulikuwa tumetoka Mbeya, mama akiwa amepata kazi ya unesi. Baba yake Gideoni alisafisha maofisi kuanzia jioni, kwa hiyo mtoto alikula kwetu. Mama alimpakulia kabla yangu. Mwalimu wetu wa michezo alipotuletea ule mpira wa ajabu, Gideoni akawa anarusha, mimi nakimbia. Tulikua hivyo, mvua na jua, kwenye majani ya Tooting, mpaka wote wawili tukasajiliwa na timu ya kulipwa. Ilikuwa timu ndogo, kwenye ligi ndogo ya Ulaya, lakini ya kulipwa!

Kisha akamposa dada yangu Upendo. Baba yake alikuja na wazee wa kanisa lao, mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Tangu siku hiyo tukaitana shemeji.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyozikwa nikiwa hai.

Mwanzoni mwa msimu uliopita tulipata habari kwamba wasaka vipaji kutoka Marekani watatuangalia. Nafasi! Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kwa mkimbiaji, huo ni mlango wa mwisho. Nilijua kwamba wakiniona nikibeba mpira msimu ule mmoja, huenda nikaitwa kwenye majaribio. Wasiponiona, basi.

Mechi mbili za kwanza nilibeba mpira kama kawaida. Kuanzia ya tatu... kimya.

Mjue kwamba kocha huzungumza na mrushaji peke yake. Helmeti ya mrushaji ina kispika kidogo, kocha anasema humo nini kifanyike, naye anakuja kwenye duara letu na kututangazia. Sisi wengine hatusikii kitu. Gideoni akisema "tunarusha", tunarusha. Kazi yangu ikawa kusimama mbele yake na kuwazuia watu waliokuja kumuumiza. Wiki baada ya wiki nikawa ukuta. Nilirudi nyumbani na mbavu za zambarau bila kuugusa mpira.

"Shemeji, kocha anasemaje juu yangu?" nilimuuliza tukiwa kwenye basi.

Akatazama dirishani. "Anasema mpira wa sasa ni wa hewani. Wakimbiaji ni wengi. Njo vile, shemeji. Mimi natumwa tu." Kwao Bukavu "njo vile" ni "ndivyo ilivyo".

"Hata mara moja hajanitaja?"

"Vumilia. Ukimsumbua atakutoa kabisa."

Nikavumilia! Mbona sikumwendea kocha mwenyewe? Kocha Walter alikuwa mzee wa Kimarekani, mwenye umri wa babu yangu, na nyumbani kwetu mtu mzima hafuatwi na kuulizwa kwa nini amekunyima kitu. Unafanya bidii, unasubiri akuone. Wenzangu Wazungu kwenye timu walikuwa wakigonga mlango wake kila siku, wanabishana naye, wanatoka wanacheka. Mimi nilipita mlango ule nimeinamisha kichwa, namwamkia, naendelea na safari.

Badala ya kuuliza, nikakimbia. Nilipanda ngazi za kituo cha treni mbio mpaka wafanyakazi wakanifukuza. Nilikimbia nikiwa na begi la mchele mgongoni. Nilikonda. Mama akirudi kutoka shifti ananikuta napasha misuli jikoni, anasema, "Elia, baba, huo ni mchezo au ni adhabu?"

Na Upendo... Upendo akaacha kunitazama. Nikiingia sebuleni, anakumbuka ana nguo za kufua. Nilidhani ni mambo ya harusi. Laiti ningejua!

Ikafika mechi ambayo wasaka vipaji wenyewe walikuja. Niliwaona jukwaani, wamevaa kofia, wameshika kahawa. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, mpira unateleza kama sabuni. Mvua ni siku ya mkimbiaji, kila mtu anajua! Lakini Gideoni alirusha, akarusha, ukaanguka, akarusha tena.

Dakika za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi chache, na zilibaki hatua mbili kufika mstari. Hatua mbili! Hapo hata mama yangu angesema mpeni Elia. Nilijongea kwenye duara. Gideoni alikuwa ameziba tundu la sikio la helmeti kwa kiganja, anasikiliza. Akanyanyua uso. Hakunitazama.

"Tunarusha," alisema. "Elia, unilinde kushoto."

Mpira ukachezwa. Nikaona jitu moja linazunguka upande wa kushoto, upande ambao mrushaji hauoni. Lingemvunja Gideoni vipande viwili. Je, nilifikiri? Hapana, wapenzi wasomaji, sikufikiri. Alikuwa shemeji yangu. Nikajitupa mbele yake, mguu ukabaki umekwama kwenye tope, na ule uzito wote ukatua juu ya goti langu. Sauti ya goti niliisikia kabla ya maumivu.

Nikiwa chini, uso kwenye matope, nikasikia uwanja mzima unalipuka. Mpira wa Gideoni ulikuwa umedakwa nyuma ya mstari, tumeshinda!

Gideoni alikuja akapiga magoti, akanishika mkono, akalia. Ndiyo, alilia machozi. Mpaka leo sijui alikuwa akilia kwa ajili ya nini.

Nilifanyiwa upasuaji. Siku iliyofuata Kocha Walter alikuja wodini na fuko la machungwa, akakaa akilizungusha fuko mikononi.

"Nisamehe, Elia," alisema. "Ningekutoa kikosini tangu goti lilipoanza kukusumbua."

"Goti gani, Kocha?"

"Hilo. Gideoni alinieleza mapema. Alisema linakuuma, hutaki kupewa mpira, na unaona aibu kusema. Akaniomba nisikutajie kabisa. Nikaona nikuheshimu."

Nikajiinua kwa viwiko.

"Kocha... ulikuwa unaniita?"

"Kila mechi, nikitumaini goti limepoa. Nakuita kwenye helmeti yake, yeye ananionyesha kwa mkono kwamba umekataa, anabadilisha. Na kwa kuwa anarusha vizuri, nikamwachia."

"Na ile ya mwisho? Zile hatua mbili?"

Mzee akatazama machungwa yake. "Ile nilikuita wewe."

 Halafu akauliza taratibu kwa nini sikuwahi kumfuata. Nami nikamuuliza kwa nini hakuwahi kunifuata. Watu wazima wawili, tulipishana kila siku kwenye korido moja, kila mmoja akimstahi mwenzake... na katikati ya heshima yetu mtu mmoja akapitisha uongo wake bila kuguswa!

Gideoni aliitwa Marekani kwa majaribio. Jumamosi ya kumuaga, flati yetu ilijaa akina mama wa kanisani, jiko zima linanukia pilau. "Shemeji, huko usitusahau!" walimtania. "Tutumie hata kofia!" Alicheka, akaingia chumbani kwangu na glasi ya juisi. Nilikuwa kitandani, mguu juu ya mito.

"Kocha alikuwa ananiita," nilimwambia.

Juisi ilimwagika kidogo. Hakukana. Nilitaka akane! Nilikuwa nimejiandaa kumwamini.

Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema kwa sauti ndogo, kana kwamba ananibembeleza: "Shemeji, fikiria. Wewe wangekuchukua, wangekutumia mwaka, miwili, wakakutupa. Njo vile wanafanya wakimbiaji. Mimi naweza kucheza miaka kumi na tano. Wale wasaka vipaji wangetuona wote wawili wangegawanya macho. Nilichagua mwenye maisha marefu. Ningewachukua wote: mama, Upendo, wewe. Ningekulisha."

"Ulinichagulia?"

"Nilituchagulia."

Nilipiga kelele. Sikumbuki maneno. Mama akaja na mwiko mkononi, akina mama wakajaa mlangoni, na nyuma yao Upendo. Dada yangu alikuja Uingereza angali mdogo sana. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, hata akisalimiwa. Siku ile akajibu kwa lugha ya mama.

"Kaka, nilijua."

Mama akamgeukia. "Ulijua nini?"

"Aliniambia katikati ya msimu. Nikasema... nikasema mmoja akienda, si tumekwenda wote? Sikujua utaumia, Kaka. Naapa sikujua."

Pilau likaungua. Hakuna aliyekwenda kuzima jiko mpaka moshi ulipoamsha king'ora.

Niwaambie nini zaidi? Walifunga ndoa siku chache kabla hajasafiri, ndoa ya watu wachache, na Upendo akamfuata. Mama alimkunjia nguo, akamfungia begi, akamsindikiza hadi uwanja wa ndege, kisha akarudi akalala siku mbili na uso ukutani. Gideoni bado yuko huko, kwenye timu ya akiba nasikia. Jumapili Upendo akipiga simu ya video, mama hupokea sebuleni, nami navaa viatu na kutoka. Nazunguka mitaa mpaka nikisie wamemaliza. Huwa nasikia sauti yake nikiwa ngazini, ananiulizia. Sijaweza kumjibu bado.

Goti limeshikana. Daktari amenikubalia kukimbia. Mwezi uliopita nilikwenda uwanjani, nikasimama mbele ya ule mlango ambao nilikuwa naupita nimeinama.  Nikagonga.

"Kocha," nikasema, "naomba mpira. Unanitaka au hunitaki?"

Alinitazama machoni, akavua miwani. "Hapana, Elia. Nina mkimbiaji mwingine, ana miaka ishirini na moja. Umechelewa."

Niliposhuka ngazi zile nilikuwa nalia. Umechelewa! Lakini ndugu zangu, lilikuwa jibu, nami nililisikia kwa masikio yangu mwenyewe, kutoka kwenye kinywa chenye haki ya kulitoa. Katika msimu mzima ule wa uongo hakuna aliyenipa hata hicho.

Ndiyo maana nawasihi. Wewe unayebeba kazi ya chini, kazi ya hatua nne nne isiyoshangiliwa na mtu, usimruhusu anayepata makofi akusemee. Awe rafiki, awe ndugu, awe shemeji uliyekula naye sahani moja. Kama kuna mkubwa unayedhani amekuacha, kamgongee mlango umuulize. Heshima haivunjiki kwa swali! Mimi nilinyamaza nikidhani ni adabu, na miaka michache ambayo miguu yangu ilipewa ikaishia kwenye tope, mbele ya mtu mwingine.

Na wewe uliye mrushaji, unayeamua maisha ya mwenzako kwa sababu unaona yake ni mafupi... nani alikupa kazi hiyo?

Sina zaidi. Upande wa pili wa mji kuna timu ya ridhaa, haimlipi mtu hata nauli, na leo jioni wanafanya mazoezi. Kocha wao simjui, naye hanijui. Naenda kumuuliza mwenyewe.