Pale Kwenye Miamba Hakuna Kitu

Kila maji yalipokupwa, Mwanahamisi aliteremka kwenye miamba pamoja na wanawake wenzake wa mtaa. Aliokota kome na chaza, na siku njema alipata pweza. Mumewe, Bachir, alivua kwa mashua. Bahari ilipochafuka, mashua ilikaa ufukweni, na nyumba nzima ilikula kutoka katika kikapu cha Mwanahamisi. Hakuna aliyelizungumza jambo hilo. Lilikuwa la kawaida mno.

Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa chini ya bahari, mbele ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Mtaa wao ulijaa. Watu wa pwani, Wamakonde kutoka bara na Wamakua waliofuata kazi walichota maji kisima kimoja. Kisha ikasikika kwamba kampuni moja inahitaji sehemu ya ufuko, na wakazi wakaitwa mkutanoni ili watoe maoni.

Zuleica, binti wa Bachir na Mwanahamisi, alihudhuria. Kwa desturi, wanaume walikaa mbele, na wanawake wakatandika mikeka yao nyuma kabisa. Wanaume walitaja minazi, mashamba na makaburi. Afisa wa serikali alipouliza kuhusu miamba, Bachir alisimama, akajibu kwa adabu:

"Pale kwenye miamba hakuna kitu. Wanawake hushuka kutembea tu."

Mwanahamisi aliinamisha kichwa. Jibu likaandikwa.

Zuleica hakupata usingizi mwema. Ufuko ule ukizungushiwa uzio, watakula nini upepo wa kusi utakapovuma? Alimwendea Joaquina, jirani yao mwenye asili ya bara. Joaquina alikuwa amesomea msaada wa sheria katika chama cha wakulima, na ndiye aliyeongoza kikundi cha maigizo cha vijana wa mtaa. Zuleica alikuwa mmoja wao. Bachir hakukipenda kikundi hicho. Alizoea kusema kwamba watu wa bara watamfundisha binti yake kukosa haya.

Joaquina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako hakukusudia kudanganya," alisema. "Ametaja kile anachokiona kuwa kazi, na kwake kazi ni mashua. Lakini sheria inataka wenyeji wasikilizwe kabla ardhi haijatolewa, wanawake na wanaume. Mahali mnapopatumia tangu zamani mna haki napo, hata kama hamna karatasi. Ila msipopataja, nani atajua?"

"Basi tufanyeje, dada? Mama hawezi kumpinga baba mbele za watu."

"Upo mkutano wa pili. Kabla yake, tutauigiza ule wa kwanza."

Zuleica aliomba kuigiza nafasi ya mama yake. Aliogopa kumvunjia baba yake heshima, lakini uzio aliuogopa zaidi.

Siku ya mchezo, watu walikusanyika uwanjani alasiri. Joaquina aliwaeleza utaratibu, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kimakonde: mtu akiona mambo yanakwenda kombo, apige makofi, aingie, achukue nafasi ya mchezaji. Latifo, mpwa wa Bachir, aliingia amevaa kofia, tumbo limejazwa vitambaa. Watu wakacheka. Alisimama mbele ya meza ya afisa, akajikohoza.

"Pale kwenye miamba hakuna kitu," alisema Latifo.

Bachir alicheka pamoja na wenzake, kisha akayatambua maneno yake. Kicheko kikamkauka.

Zuleica alikaa mkekani, kichwa ameinamisha kama mama yake siku ile. Alingoja. Makofi hayakuja, naye akahofu kwamba hakuna atakayethubutu.

Ndipo akasikia makofi ya mtu mmoja. Mwanahamisi alikuwa ametoka moja kwa moja pwani, miguu ingali na mchanga.

"Nipishe hapo, mwanangu," alimwambia Zuleica.

Alisogea mbele, akatua kikapu, akatoa pweza na kumlaza juu ya meza.

"Huyu ndiye 'hakuna kitu'," alisema. "Kusi lote nyumba yangu imekula 'hakuna kitu'. Baba Zuleica, kama nimekosea, nisahihishe."

"Na mimi humuuza sokoni huyo 'hakuna kitu'," alidakia Judite, mama wa Kimakonde aliyekuwa akinunua kome na pweza kwa Mwanahamisi. Wachache walicheka. Watu wote walimtazama Bachir.

Alisimama.

"Hukukosea," alisema. "Nilikula, na sikuuliza kimetoka wapi."

Siku zilizofuata, Joaquina aliwafundisha wakazi kutaja kila mahali kwa jina lake, na kudai kwamba maelezo yanayoandikwa mkutanoni yasomwe kwa lugha wanayoielewa kabla ya mtu yeyote kutia kidole gumba.

Katika mkutano wa pili, mikeka ya wanawake ilitandikwa mbele. Bachir alibeba mwenyewe mkeka wa mkewe. Afisa alipouliza kuhusu miamba, alisimama na kusema, "Hapo aulizwe anayepajua," kisha akakaa. Mwanahamisi alitaja mahali baada ya mahali. Maelezo yaliposomwa, mahali pamoja palikuwa pameachwa. Aliomba paongezwe, na pakaongezwa.

Hawakupata yote. Minazi mingi ilikatwa, na baadhi ya makaburi yalihamishwa kwa dua na machozi. Lakini uzio ulipojengwa, njia ya kwenda kwenye miamba iliachwa wazi, na wanawake wa mtaa waliendelea kuipita na vikapu vyao.

Asubuhi moja kusi lilivuma kwa nguvu. Mashua zilikuwa zimevutwa juu ya mchanga. Bachir alimtolea mkewe kikapu mpaka mlangoni.

"Unakwenda kazini?" alimuuliza.

"Nakwenda kazini," akajibu Mwanahamisi.