Nani Alimhudumia Mzee Kanti

Pushpa, jirani yake, ndiye aliyemkuta. Mzee Kanti alikuwa amelala sakafuni jikoni kwake Lewisham, mwili umeshapoa, na vidonge vyake vya moyo vya Jumatatu vilikuwa bado kwenye kiboksi chake. Lakini kwenye programu ya kampuni iliyomhudumia, ziara ya asubuhi hiyo ilikuwa kijani: mhudumu amefika, dawa zimetolewa, mhudumu ameondoka. Jina la mhudumu lilikuwa Emérence.

Polisi walimhoji Emérence siku ile ile na kumwambia arudi Alhamisi. Hemal, mwenye kampuni, akamwachia Bhavini kazi ya kutafuta ushahidi. Bhavini ndiye aliyeiandika programu na kuitunza. Alikuwa hajalala vizuri kwa muda mrefu, na safari ya treni kutoka Rayners Lane ilimmaliza kabla kazi haijaanza.

Jumanne asubuhi alimpigia simu Emérence.

"Sikufika kwa mzee," Emérence alisema. "Treni ilisimama njiani. Niliandika mu grupu ya WhatsApp kama nitachelewa. Kisha nikaangalia telefone, naona ziara iko kijani. Nikasema wametuma mwengine. Nikaenda kwa mgonjwa wa pili."

"Hukubonyeza kitu?"

"Dada, hata mlango wake sikugusa."

Kumbukumbu za programu hazikusaidia. Zilihifadhi jina la mhudumu aliyepangiwa ziara, si la mtu aliyebonyeza. Bhavini akaona njia ni moja tu: kama mtu huyo alizoea mchezo huo, angeurudia, na ingebidi akamatwe akiucheza.

Akafungua edita anayoandikia programu, akaiunganisha na seva iliyokuwa ikihudumia ofisi na simu zote za wahudumu, akaweka alama kwenye mstari mmoja: ule unaogeuza ziara kuwa kijani. Programu haikusimama. Wahudumu waliendelea na kazi bila kujua. Ila kila mstari ule ulipotumika, edita iliandika chini ya skrini ni akaunti gani imeutumia, na kutoka kifaa gani.

Asubuhi yote ilikuwa simu za wahudumu, kila mmoja kwa jina lake. Bhavini aliangalia hadi macho yakawasha. Baada ya chakula cha mchana, ziara ya Mama Varsha wa Hounslow ikageuka kijani. Akaunti ilikuwa ya Telesphor, mwandishi mwenzake wa programu.

Telesphor alikuwa amesimama nyuma yake, akisubiri birika lichemke.

"Umegusa ziara ya Mama Varsha?"

"Mimi? Kompyuta yangu imezimwa tangu nilipokwenda kula."

"Jina lako hili hapa."

Aliinama akasoma. "Siyo mimi. Nilipokwenda likizo Bukoba, Lydia aliniomba neno la siri. Skrini ya marekebisho inafunguka kwa sisi wawili tu, na alisema kuna ziara zimekwama. Sijalibadilisha."

Lydia ndiye aliyepanga ratiba za wahudumu. Bhavini hakutaka kumtuhumu mtu kwa maneno ya mtu mwingine. Akasoma tena mstari ule hadi mwisho, penye jina la kifaa: kompyuta ya chumba cha ratiba. Hemal alikuwa kaunsili, halmashauri iliyoipa kampuni mkataba, tangu asubuhi. Chumbani humo alikuwamo Lydia peke yake.

Kwanza alimpigia Mama Varsha. Hakuna aliyekuja, na alikuwa hajala. Bhavini akamtafutia mhudumu, kisha akamngoja Hemal arudi.

Jioni waliketi wanne: Hemal, Lydia, Telesphor na Bhavini.

"Ujumbe wa Emérence uliuona?" Bhavini aliuliza.

"Niliuona," Lydia alisema. Hakubisha. Alionekana kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

"Ukaweka kijani."

"Ziara ikichelewa inageuka nyekundu, na kaunsili wanaiona hapo hapo. Hemal alishasema nyekundu zikizidi tunanyang'anywa mkataba. Nilitaka kumpata mtu mwingine. Nilipiga simu, wakakataa. Halafu simu zingine zikaanza. Nikamsahau mzee."

"Sikukuambia udanganye," Hemal alisema.

"Nilikuambia watu hawatoshi. Hukunijibu."

"Na Emérence?" Bhavini aliuliza. "Ulijua polisi wamemwita."

Lydia alifunika uso kwa viganja. "Nilifikiri watamwacha tu."

Hemal alimgeukia Bhavini. "Hii lazima iende polisi?"

"Nimeshawatumia ushahidi wote."

Akiwa kituoni akingoja treni, Bhavini alimpigia Emérence, akamweleza yote.

"Asante, dada," Emérence alisema. "Lakini ile kijani, nilipoiona nilifurahi. Nilikuwa nimechoka, nikafurahi kama siendi kwake. Polisi hawakuniuliza ile."

Treni ikaingia. Bhavini aliiacha iende, akabaki amesimama na simu sikioni.