Vijiko Kumi na Tano vya Upendo

Katika mtaa wote wa Kikula hapakuwa na mtu wa kupendeza kama Papa Adrien. Alisalimu wazee, alisalimu watoto, alisalimu hata kuku wa jirani. Kiwanda alichofanyia kazi kiliposimama, mkewe Arlette alianza kuuza unga sokoni. Papa Adrien akabaki nyumbani na Dodo, mtoto wao wa miaka miwili.

Asubuhi moja Dodo aliharisha. Jirani yao Mama Colette, muuguzi wa zamani, alimfundisha Papa Adrien dawa ya nyumbani. Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Vijiko vidogo sita vya sukari. Nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kijiko kiwe sawasawa, kisiwe na kilima.

Dodo alionja, akatema. Papa Adrien hakuweza kuvumilia kumwona amekunja uso hivyo. Akaongeza sukari mpaka mtoto akacheka na kumaliza vikombe viwili.

Kufika saa sita mchana, kuhara kulikuwa kumezidi. Macho ya Dodo yaliingia ndani. Tangu asubuhi hakuwa amekojoa. Mama Colette alikuja, akaonja yale maji.

— Papa Dodo, weye ulitia nini humu?

— Upendo, mama.

— Vijiko ngapi vya upendo?

— Kumi na tano.

— Ah! Weye iko muntu wa kupendeza, kila muntu anajua. Lakini kiasi ni kitu ingine. Kupendeza kunauliza: mutoto anafurahi? Kiasi kinauliza: inatosha wapi? Sukari ikizidi, inavuta maji ya mwili ndani ya tumbo. Kama saa kumi inafika bila mukojo, tunaenda hospitali.

Walichanganya upya. Papa Adrien alisawazisha kila kijiko kwa kisu, taratibu kama padri altareni. Dodo alionja, akatema.

— Papa mubaya!

Mkono wa Papa Adrien ulienda wenyewe kwenye kopo la sukari. Ukafika. Ukasimama. Wasomaji, tuuheshimu mkono ule: ulifunga kopo.

— Ndiyo, mutoto wangu, miye mubaya. Kunywa.

Kijiko kwa kijiko, Dodo alikunywa huku akinung'unika. Saa tisa na nusu, akiwa mapajani, aliilowesha suruali ya baba yake ya Jumapili. Papa Adrien alimbeba mbio mpaka mlangoni.

— Amekojoa! Kikula, mutazame! Amekojoa!

Wapita njia walipiga makofi. Mama Colette alimrudishia kijiko.

— Félicitations, papa, hongera. Sasa endelea. Kikombe haijaisha.