Kamba ya Bembea ya Waziri

Kila asubuhi kabla ya shule, Balnur alizoa majivu ya jiko, akampa ngamia wa bibi yake majani, kisha akafuta vumbi la chumvi dirishani. Katika mji wa Aral vumbi hilo halina adabu. Ukilifuta leo, kesho limerudi, kwa sababu bahari iliyokuwa mlangoni pa mji ilikauka ikaacha chumvi yake ichezewe na upepo.

Siku ile ya Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya, mikono ilifanya kazi lakini akili haikuwepo. Kamshat Dosanova alikuwa anakuja shuleni. Alizaliwa mji huu huu, akasomea uhandisi, akaenda kuishi angani nusu mwaka mzima, na sasa alikuwa Waziri wa Maji. Zaidi ya hayo, Balnur ndiye aliyechaguliwa kubembea naye kwenye bembea kubwa ya nguzo sita, ambayo bila yake Nairuzi hainogi.

"Ukianguka mbele ya waziri, usiseme unanijua," rafiki yake Maira alimtania njiani.

Balnur alicheka, lakini moyo haukutulia. Jana yake, Mwalimu Mkuu Bekbolat alikuwa amemtuma stoo kuchukua kamba mpya ya bembea. Stoo ilikuwa mbali, upepo mkali, na wenzake walikwisha kuanza mazoezi ya nyimbo. Basi akafunga kamba ya zamani, na pale ilipochakaa akapazungushia utepe mwekundu. Nani angejua?

Waziri alifika amevaa koti la kawaida na viatu vya kutembelea. Balnur alimkodolea macho. Mtu huyu alikuwa ameitazama dunia yote kutoka nje yake, na sasa amesimama hapa, anapiga chafya kwa vumbi kama wao.

"Mama, kule juu kukoje?" Balnur aliuliza.

"Kuzuri, mwanangu, mpaka unasahau kula. Jua linachomoza, na kabla hujatulia linatua tena. Siku moja tulipita juu ya Aral. Nikaitafuta bahari aliyoogelea babu yangu, nikaona kovu jeupe. Nililia. Na kule machozi hayadondoki, yanakung'ang'ania tu machoni."

"Ndiyo maana ukaingia serikalini?"

"Ndiyo maana. Watu waliojua kwamba maji yanaisha walikuwepo. Wengine walinyamaza, wengine walisema, na waliokalia viti hawakutaka kusikia. Nikajiambia, nikishuka nitakwenda kukaa kwenye kiti kama hicho, niwe mtu wa kuuliza."

Walipofika kwenye bembea wanafunzi walipiga makofi, lakini waziri hakupanda.

"Sisi kabla ya kuingia kwenye chombo cha angani, tulimuuliza kila fundi: kuna kitu unachokijua ambacho mimi sikijui?" alisema. "Bembea hii kaifunga nani?"

Macho yote yakamgeukia Balnur. Mwalimu mkuu alitabasamu kwa fahari. Balnur aliutazama utepe mwekundu. Akisema, ataaibika yeye na shule nzima. Asiposema, mwanamke aliyerudi salama kutoka angani ataangushwa na uvivu wake.

"Usipande, mama," alisema. "Kamba ni mbovu. Jana niliona uvivu kwenda stoo kuchukua mpya, nikaificha hii kwa utepe."

"Anatania huyu, mheshimiwa," mwalimu mkuu alidakia, uso umemwiva. "Watoto wa siku hizi."

Waziri aliufungua utepe, nyuzi zilizokatika zikachomoza. Balnur akaanza kulia.

"Hiyo stoo iko wapi?" waziri akamuuliza. "Twende."

Walirudi na kamba mpya. Waziri alipanda ngazi mwenyewe, Balnur akimpa kamba kutoka chini. Walipomaliza waliivuta kwa nguvu zao zote kuijaribu, kisha wakapanda. Walipopaa juu, Balnur aliona paa za mji, na nyuma yake nchi nyeupe isiyo na mwisho. Akashikwa na mshangao. Aliishi hapa siku zote, na hakuwahi kujua kuwa bahari ilikuwa kubwa kiasi hicho.

Mchana, kwenye karamu, waziri alipewa kichwa cha kondoo. Heshima hiyo kwa kawaida ni ya wazee wa kiume, lakini mtu aliyefika angani nani atambishia? Desturi ni kwamba mgeni humkatia mtoto sikio, ili awe msikivu kwa wakubwa. Waziri alikata moja akampa Balnur.

"Uvivu wako wa jana usiurudie tena," alisema. "Lakini leo umesema kabla mtu hajaumia. Kasoro ikisemwa mapema, dawa yake ni kamba mpya. Ikifichwa, hata bahari hukauka."

Akakata na la pili. Mwalimu mkuu akasogeza sahani ya mjukuu wake aliyeketi kando yake, lakini waziri alilitia sikio kinywani mwake.

"Hili langu," alisema akitafuna. "Aliyekalia kiti ndiye wa kwanza kusahau kusikia."

Mwalimu mkuu aliitazama sahani tupu, kisha akamgeukia Balnur.

"Kondoo angekuwa na sikio la tatu," alisema taratibu, "ningeliomba mimi."