Kumwachia Samaki Si Kumtupa

Mimi napara samaki. Nina meza yangu ya saruji chini ya bati, pale boti zinapofikia, na visu viwili. Mume wangu, Baba Pacha, ana boti ya kupeleka watu kuvua kwa starehe. Ni watu wa maofisini. Wanataka kumvuta samaki mkubwa, wapige naye picha, kisha wamrudishe baharini. Hawali, hawauzi. Wanafurahi na kwenda zao.

Sina ubaya na furaha ya mtu. Hata kwa majirani nilikuwa najisifu: "Wa kwangu haui samaki, anawaachia." Kila jioni nilifua mataulo yake meupe. Baba Pacha ni mtu wa usafi. Samaki akitolewa majini, kwanza anafutwa mpaka anakauka, ndipo mgeni anapewa ampakate bila kuchafua shati. Wageni walimpenda kwa hilo. Nami niliyasugua yale mataulo mpaka vidole vikachubuka, nikidhani tunafanya jambo la maana.

Jumatatu moja asubuhi, jirani yangu wa meza ya pili alinibwagia chewa mbele yangu. Alikuwa mkubwa, urefu wa mkono mzima. Macho yalikuwa yamemtoka na tumbo limevimba. Mdomoni alikuwa na tundu la ndoana, bado bichi.

"Mzigo wa mumeo huu," akasema. "Ameokotwa anaelea kule mwambani."

"Wa mume wangu kivipi?"

"Nani mwingine hapa anavua halafu anatupa? Huyu ni wa nne tangu Ijumaa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mwenyekiti wa wavuvi alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika ndoo tupu. Yeye pia hakucheka.

"Mama Pacha," akasema, "sisi tulikatazwa nyavu za matundu madogo. Tumetii. Tunarudi na ndoo kama hii, na nyumbani watoto wanangoja kula. Mumeo anaua chewa wazima kwa ajili ya picha. Picha! Jumamosi tuna kikao. Akiokotwa mmoja tu zaidi, boti yake haitafunga hapa tena."

Kama boti yetu isingefunga pale, isingefunga popote. Sehemu nyingine zote za karibu ni mawe matupu. Na Baba Pacha hajui kazi nyingine, ni boti tu tangu ujana wake.

Nilifika nyumbani kichwa kinawaka moto. Nilimkuta amekaa sebuleni anafunga ndoana mpya kwenye mishipi, anapiga mluzi.

"Unaua samaki," nikamwambia kabla sijavua viatu.

"Mimi? Namwachia kila mmoja. Waulize wageni."

"Ukiwaachia wanakwenda wapi?"

"Chini. Wanazama."

"Hata jiwe linazama, Baba Pacha."

Mluzi ukakatika. Akaanza kujitetea. Bahari ni kubwa, samaki hufa kwa sababu nyingi, watu wana wivu. Nikamwambia aachane na wivu wa watu, aje amwone chewa aliye mezani kwangu. Miaka mitatu nafua mataulo, kumbe nafulia msiba. Nilimkasirikia yeye, na mimi mwenyewe nilijikasirikia.

Nikatoka moja kwa moja mpaka kwa Mapezi. Ni mpiga mbizi wa ofisi ya uvuvi, kazi yake kuhesabu samaki kwenye mwamba. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tunamwita Mapezi kwa sababu ya viatu vyake vya kuogelea, ambavyo huvianika dirishani.

"Nilikuwa nangoja mtu aniulize," akasema. "Mumeo nimeshamwambia mara mbili. Alinipa soda, akanishukuru, basi. Juzi nimekuta chewa saba wamekufa kando ya mwamba. Mnaowaokota nyinyi ni wale wanaoelea tu."

Saba! Nikakaa kwenye kizingiti chake, nikamwomba apande boti nasi, amwonyeshe mume wangu.

Alhamisi tukapanda boti sote. Wageni walikuwa wawili, mwanasheria mwenye sauti nene na shemeji yake. Tulipofika kwenye maji marefu, haukupita muda mwanasheria akavuta chewa. Baba Pacha akanyoosha mkono kuchukua taulo.

"Liweke chini hilo," Mapezi akasema. "Lowesha mikono kwanza. Sasa mguse. Unausikia utelezi?"

"Ndio uchafu wenyewe."

"Si uchafu, kaka. Ndio kinga yake. Unazuia vijidudu visiingie mwilini. Ukimfuta kwa taulo kavu, unamchubua. Anaweza kuogelea leo, akafa kwa vidonda wiki ijayo."

Baba Pacha akaliangalia lile taulo kama mtu asiyelijua.

"Picha kwanza, masomo baadaye," akasema mwanasheria. Akamnyakua samaki, akamwinua juu kwa kumtia vidole kwenye matamvua.

"Hapo ndipo anapopumulia," Mapezi akamwambia. "Mshike chini ya tumbo, mikono miwili. Na wewe bana pumzi yako. Akiwa nje ya maji, huyu hapumui. Ukishindwa wewe, jua yeye alishashindwa."

Mwanasheria akabana pumzi huku anacheka. Shemeji akatafuta simu kwenye mfuko wa suruali, haipo. Ikaonekana kwenye begi. Ikagoma kufunguka kwa sababu vidole vilikuwa na maji. Mwanasheria akaachia pumzi, uso umemvimba.

"Na hapo hata picha moja haijapigwa," nikasema. Sikujali kama ni mgeni.

Akamrudisha majini bila kubisha. Lakini chewa hakwenda popote. Alielea, tumbo juu, na kitu kama kifuko cha rangi ya waridi kimemtoka mdomoni. Baba Pacha akachomoa kisu.

"Huwa nakitoboa hiki, upepo utoke," akasema.

"Hilo ni tumbo lake," Mapezi akamjibu. "Unamtoboa tumbo."

Mume wangu akabaki na kisu mkononi. Sijawahi kumwona amenywea vile. Roho iliniuma, lakini sikumwonea huruma hata kidogo. Ni mangapi ameyatoboa? Na mtu wa kumwambia alikuwepo, nyumba ya tatu!

Mapezi hakupoteza muda. "Ndani ana mfuko wa hewa. Ukimvuta haraka kutoka kwenye maji marefu, hewa ile inatanuka. Inasukuma tumbo nje, inasukuma macho. Hawezi kushuka mwenyewe. Jua na ndege watammaliza. Lazima umshushe."

Alikuwa amekuja na kreti ya soda. Akaigeuza mdomo chini, akafunga kamba juu yake, na pembeni akafunga vipande vya chuma kizito. Akamfunika chewa palepale alipoelea, kisha akaishusha kreti taratibu mpaka karibu na chini.

"Kule chini hewa inasinyaa tena," akasema. "Akipata nguvu, anatoka mwenyewe."

Tukangoja. Kreti ikapandishwa, ikawa tupu. Tukakaa pale tukiangalia maji kila upande. Hakuna kilichoelea.

"Lakini kreti si ruhusa ya kuendelea hapa," Mapezi akasema. "Ukiona wanapanda wamevimba, hama. Nenda maji mafupi."

Tukahama. Huko Mapezi akachukua koleo, akabana kile kijino cha ndoana kinachoizuia isichomoke. Ndoana ikawa inatoka kwa kugeuza mkono tu. Samaki mmoja alikuwa ameimeza mpaka ndani. Baba Pacha akataka kuivuta. "Usivute," Mapezi akamwambia. "Kata mshipi karibu na mdomo, mwache nayo. Ukiivuta unatoka na utumbo wake." Aliyechoka hakurushwa. Baba Pacha alimshika ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka akapiga mkia na kuondoka mwenyewe.

Siku zile hakuokotwa chewa mwingine. Jumamosi kwenye kikao, nilidhani mume wangu atakuja na maneno yake ya wivu. Akasimama, kofia mkononi.

"Nilidhani nawaachia," akasema. "Nilikuwa nawaua. Wale wanne mliowaona, na wengi ambao hamkuwaona. Niliambiwa, nikapuuza."

Mwenyekiti akampa miezi miwili ya majaribio, Mapezi awe anakagua chini. Mataulo yale nikayakata matambara ya kupigia deki.

Miezi miwili ikapita. Mapezi alizunguka mwamba wote mara nne. Alikuta chewa mmoja tu aliyekufa, na huyo alikuwa na jeraha la kuumwa na samaki mkubwa. Boti ikabaki. Lakini mwenyekiti alikuwa bado anampita mume wangu bila salamu.

Kisha akaja mgeni mmoja, bwana mkubwa wa saa ya dhahabu. Alivua kolekole, akamning'iniza kwa matamvua. Picha ya kwanza. Ya pili. Akataka ya tatu, bila miwani.

"Mrudishe majini, bwana," Baba Pacha akamwambia.

"Nimelipa. Samaki ni wangu."

Baba Pacha akalowesha mikono, akamchukua yule kolekole, akamshikilia majini mpaka alipoondoka kwa nguvu zake. Kisha akageuza boti, akarudi nchi kavu.

Yule bwana alishuka anafoka. Akamwendea mwenyekiti, mbele ya meza yangu.

"Wewe ndiye mkubwa hapa? Boti ile inadharau wateja. Nimekatishiwa safari kwa ajili ya samaki. Iondoeni."

Mwenyekiti akaweka ndoo chini.

"Boti yetu ina utaratibu wake," akasema. "Samaki wa kuchezea wapo, bwana. Kawavue kwenye beseni nyumbani kwako."

Yule bwana akaondoka. Mwenyekiti akanigeukia.

"Mama Pacha, mwambie mumeo aifunge vizuri boti yetu. Upepo unaanza."