Mtoto Si Cherehani

Nyumba ya fundi haikujua kimya. Cherehani mbili zilikaa sebuleni: moja yake, moja ya mama mkwe aliyemfundisha kazi. Kutwa zinanguruma. Katikati yao, ndani ya kapu la vitambaa, alilala mtoto wa fundi, mchanga wa wiki moja.

"Kelele zote hizi na hata hashtuki!" mama mkwe alisema kwa fahari. "Tumwite Bwana Mpole."

Mume wa fundi akacheka. Fundi hakucheka. Tangu asubuhi mtoto hataki kunyonya. Akipewa titi analiachia, macho yanafumba. Mikono imelegea, mwili wa moto. Fundi alipomfungua nepi, alikuta ngozi nyekundu kuzunguka kitovu, nacho kinanuka.

"Mama, hiki kitovu si kizuri."

"Ah, kinalainika. Nakitia mafuta ya cherehani kikatike upesi. Mafuta yanalainisha chuma, yatashindwa na ngozi? Mumeo nilimtia hayo hayo, na huyo hapo, mrefu kama nguzo."

"Mbona hanyonyi?"

"Ameshiba. Ngoja kesho."

Fundi akamtazama mumewe. Mume akatazama sakafu. "Mama amelea watoto watano," akasema.

Lo! Hasira zikampanda fundi. Akamfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akajitanda khanga juu.

"Ukitoka mlango huo umenivunjia heshima!" mama mkwe alifoka.

"Heshima ikichanika nitarudi kuishona, mama. Mtoto hashoneki."

Akatoka.

Jirani yao muuguzi alikuwa anaanika nguo. Alimtazama mtoto mara moja tu, akaacha beseni pale pale. "Zahanati. Sasa hivi."

Wakaenda wote wawili. Huko zahanati, mtoto alipochomwa sindano ya kwanza, mume akaingia anahema. Nyuma yake mama mkwe, uso umekunjamana.

"Mafuta kidogo tu ndiyo yalete zogo hili?" akauliza.

"Kitovu kibichi ni kidonda, mama," muuguzi alisema. "Ukikipaka mafuta, unakipaka na uchafu. Vijidudu vimeingia kwenye damu. Mwili unapigana navyo, na katika kupigana unavimba. Uvimbe ukifika kwenye ubongo, unauumiza. Mtoto anaweza kufa. Au akapona, lakini asisikie, asiweze kukaa, au apate kifafa."

"Lakini hakulia hata!"

"Ndiyo hatari yenyewe. Mtoto mchanga akizidiwa, hunyamaza. Akikataa kunyonya, akilegea, akiwa wa moto au wa baridi, akipumua mbio, au akipata degedege, usingoje kesho. Na kitovu kiache kisafi na kikavu. Usikitie kitu, ila dawa uliyopewa na mhudumu wa afya."

Mama mkwe akajishika mdomo. "Nami namsifu upole," akasema, machozi yakamtoka.

Gari la wagonjwa likawapeleka hospitali. Siku zikapita, mtoto ana mpira wa dawa mkononi, fundi haondoki kando ya kitanda chake. Asubuhi moja ukatoka ukelele ulioamsha wodi nzima. Mtoto anadai titi!

"Lia, baba, lia!" fundi alisema, naye analia na kucheka. "Lia mpaka paa ling'oke!"

Daktari aliwaambia wawe wanamleta apimwe masikio na ukuaji wake. Hawakukosa hata mara moja. Miezi ilipopita, cherehani ikinguruma upande huu, mtoto anageuza kichwa upande huu. Heshima nayo ilikwisha shonwa zamani.

Mchana mmoja mteja alikuja kuchukua gauni. "Bibi, nigawie tone la mafuta ya cherehani," akamwambia mama mkwe. "Mdogo wangu amejifungua, nataka kumpaka mtoto kitovuni."

Mama mkwe akaukumbatia mkebe kama anaibiwa. "Haya ni ya chuma! Mtoto si cherehani. Ananyonya?"

"Tangu jana hataki. Ila hasumbui, mpole kweli."

"Mpole?" Mama mkwe alikwisha simama, anatafuta viatu vyake. "Mwanangu, acha gauni hilo. Nipeleke aliko mtoto, twende naye zahanati."