Kuku Jike Aliyewika Mjambere

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jumwa alifagia uwanja, akachota maji, akawafungulia kuku. Kazi aliyoipenda ni hiyo ya kuku, kwa ajili ya Madoa. Madoa alikuwa kuku jike, zawadi ya jirani yao Bi Barke, aliyewapa siku walipohamia Mjambere kutoka Kaloleni, mwaka mmoja baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha. Alikuwa hodari wa kutaga, na mayai yake ndiyo yaliyokuwa kitoweo.

Asubuhi moja Jumwa aliondoa kibao cha banda. Madoa akatoka, akapanda juu ya kinu, akanyoosha shingo, akawika.

Mama yake, Kache, alitoka jikoni mwiko mkononi. "Nani huyo kawika?"

"Madoa, mayo," Jumwa akamjibu mama yake.

"Usinifanyie mchezo asubuhi yote hii. Jogoo wetu tulimla Pasaka."

Madoa akawika tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Kache akajishika kifua. Kwao, kuku jike akiwika ni ishara mbaya. Bila shaka pana mkono wa mtu.

Tangu siku hiyo Jumwa akawa mtu wa kuchungulia. Alimchungulia Madoa: hatagi tena, undu wake kichwani umekua mwekundu kama wa jogoo, na kutwa anawakimbiza kuku wenzake. Kisha akaanza kumchungulia kaka yake Ngowa, kwa sababu Ngowa naye alikuwa amegeuka.

Ngowa alikuwa na miaka kumi na minne, mtoto mpole aliyemfundisha Jumwa hesabu. Siku hizi akiulizwa neno hufoka. Sauti yake huanza nene, mara ikapaa juu na kulia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Ukimcheka, huubamiza mlango akaenda kukaa peke yake nyuma ya minazi.

Alasiri moja Jumwa alimwona akitoka kwa Bi Barke kwa mlango wa uani, akitazama huku na huku, kitu amekificha ndani ya shati. Kesho yake Jumwa aliinua mkeka wa Ngowa. Chini yake palikuwa na kipande cha jani la mgomba, na ndani ya jani, dawa ya manjano iliyopondwa, yenye harufu asiyoijua. Kuku alitoka kwa Bi Barke. Sasa na kaka yake anatoka kwa Bi Barke!

Kisimani alimvuta kando rafiki yake Nyamvula.

"Nikwambie neno, usimwambie mtu."

"Nife hapa!"

"Bi Barke amemroga Ngowa. Alijaribu kwa kuku kwanza."

"Wee! Una hakika?"

"Dawa nimeiona kwa macho haya."

Nyamvula hakufa, lakini hakufika na neno hilo hata adhuhuri. Jua lilipotua, Mjambere nzima ilikuwa nalo.

Bi Barke alikuwa mjane aliyeuza vitumbua barazani kwake. Asubuhi iliyofuata watoto walipita upande wa pili wa njia wakiwa wameziba pua. Siku ya tatu Jumwa alimwona akiwatupia kuku wake vitumbua, kimoja kimoja, mpaka sinia likawa tupu.

"Kesho Ijumaa wazee wa mtaa watakaa," Kache akamwambia Jumwa. "Akishindwa kujieleza, atahama. Na wewe utasema ulichokiona."

"Atahamia wapi, mayo?"

"Hilo si letu."

Katika nyumba ile Bi Barke alikuwa ameishi miaka arobaini, na mumewe alizikwa hatua chache tu kutoka hapo. Jumwa aliyawaza hayo. Lakini dawa si aliiona?

Alhamisi hiyo hiyo, Bwana Khatibu, bwana mifugo, alifika kwa baiskeli akipita nyumba kwa nyumba kukagua kuku wenye ugonjwa wa kideri. Alipokuwa akiiegemeza baiskeli, Madoa akawika. Bwana Khatibu aliduwaa, kisha akacheka.

"Subhanallah! Huyu nilikuwa nikimsoma vitabuni tu!"

"Ametiwa mkono," Kache akasema kwa sauti ya chini. "Kesho tunamchoma moto."

"Mama, ukimchoma hutajua kilichompata. Nipe nimchinje, nimpasue mbele ya macho yenu."

Majirani wakajaa uwanjani. Bi Barke alisimama barazani kwake, mikono kifuani, hakusogea. Bwana Khatibu akamchinja Madoa, akampasua, akamwita Jumwa.

"Kuku anayetaga umewahi kumtengeneza? Hapa kushoto huwa na nini?"

"Viini vidogo vidogo, kama kichala cha kunazi."

"Na huyu?"

Jumwa akainama. Hapakuwa na kichala. Palikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa la ukwaju.

"Kile kichala si cha mayai tu," Bwana Khatibu akasema. "Hutoa kitu kidogo sana, hakionekani kwa macho, wataalamu hukiita homoni. Damu hukichukua mpaka kwenye ubongo, na ubongo hupata habari: wewe ni kuku jike, taga, atamia. Huyu kichala chake kimeugua, habari ile ikakatika. Upande wa kulia kulikuwa na kingine kilicholala. Kikaamka, kikatoa homoni ya jogoo. Ubongo ukaipokea, ukatii. Basi akawika. Mkono wa mtu haumo."

Watu wakanong'ona. Jumwa akauliza, "Na binadamu je, anazo?"

"Anazo, ila kwake si ugonjwa, ni kukua. Mvulana akibaleghe, sauti hukatika, chunusi hutoka, hasira huja upesi, na akichekwa kidogo hutamani ardhi impasukie. Wasichana nanyi zamu yenu yaja, leo kicheko, kesho machozi bila kujua sababu. Lakini binadamu si kuku. Hasira huja bila kualikwa. Kuubamiza mlango ni kwa hiari yako."

Macho yote yakamgeukia Ngowa. Ngowa akatazama vidole vya miguu yake.

"Na ile dawa je?" Jumwa akasema. Alikimbia ndani akaja na lile jani.

"Jumwa!" Ngowa akapiga kelele. "Hiyo ni liwa! Liwa ya chunusi! Nilimwomba nyanya Barke, nikamsihi asimwambie mtu, kwa sababu shuleni wananiita Uso wa Fene-" na hapo sauti ikampaa mpaka juu kabisa, "-si!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na baada ya muda kidogo Ngowa mwenyewe akacheka. Jumwa peke yake hakucheka. Alivuka njia mpaka barazani.

"Shikamoo, nyanya."

Bi Barke akaikaza mikono yake kifuani.

"Nyanya, lile neno lilitoka kwangu. Nisamehe."

"Najua lilikotoka. Marahaba." "Kuku yule alikuwa na uvimbe tumboni. Na weye, mwanangu, uliwika una nini?"

"Shaka, nyanya."

"Shaka haina makosa, kila mtu huwa nayo. Kosa ni kuifanya habari kabla hujauliza. Ukimshuku jirani, mlango wake huu hapa, bisha hodi. Kisimani hukupata jawabu, ulipata maji tu. Sasa kesho alfajiri njoo ukae nami. Kila apitaye, umwambie kwa kinywa chako kile kile."

Ijumaa wazee hawakukaa. Aliyekaa ni Jumwa, sinia la vitumbua mapajani. "Nilisema uongo juu ya Bi Barke," aliwaambia wapitao, mmoja mmoja. "Sikuwa na hakika, na sikuuliza." Wa kwanza kununua alikuwa Kache, mbele ya watu wote, macho chini. Wa pili, Nyamvula. Na sinia lilipokwisha, sauti ya Jumwa ilikuwa ikikwaruza kama ya Ngowa.